Novena ya ordinateur ya parokia

Ijumaa, 12 Novemba 1993

Mudogo wangu Grégoire, salamu nyingi katika Bwana wetu. Uko muzima? Ule mugongo wako umepoa? Na watoto, na maman yao, na kahawa yenu ya depot, ile ghala unamofanya kazi, vyote viko salama huko Katana? Sisi hapa Bukavu tunamushukuru Mungu. Mvua inanyesha kila siku saa nane, barabara imekuwa uji, na Virginie anakusalimu huku anaosha sufuria.

Safari hii sikuandikii barua. Nakuandikia kaye, daftari nzima. Kila siku kidogo, na nikimaliza nitaipa mutu wa boti. Mambo ni makubwa, na hapa hakuna mutu naweza kumuambia bila kuyasikia kesho yake kwenye soko ya Kadutu.

Jambo ni hili: ordinateur ya parokia, ile vijana wanaita kompyuta, inakufa. Haifi mara moja, inakufa kizee. Unaomba barua, inanguruma, inafikiri, inakohoa. Mimi nimeipima kwa sala, sababu saa yangu haina mushale wa sekunde. Kufungua liste ya majina ya watoto wa kipaimara: Salamu Maria kumi na mbili. Kumi na mbili! Mwaka jana zilikuwa tatu.

Jana Abbé Théodore, paroko wetu, aliniita. Aliongea kwa sauti ya chini, ile mbaya. Alisema Jumapili ya tarehe 21, sikukuu ya Kristu Mufalme, watoto 186 watapewa kipaimara. Liste yao, imepigwa vizuri kwenye karatasi, iwe juu ya meza yake Jumamosi saa sita ya mchana. Isipokuwepo, ordinateur inashuka Nyalukemba, kwenye shule ambayo Stanislas ni mukubwa wake, kule kuko vijana wanaojua kuiamsha. Na mimi nirudie machine ya kuandika ya zamani, ile iliyovunjika herufi e. Grégoire! Utaandika Yezu namna gani bila e? Ni zambi!

Wewe unajua, mimi nilifika secondaire ya pili tu. Miaka ishirini na mbili nilikuwa Papa Aloys wa machine. Tangu ordinateur ifike, mutaa wote wananiita Papa Informatique, mujuzi wa ordinateur. Hata muganga wa meno. Jina kama hilo mutu halirudishi.

Lakini Mungu hasinzii! Leo asubuhi akapita Jean-Baptiste, fundi anayezunguka maofisi, bureau kwa bureau, na mukoba wake. Akaitazama, akacheka. Akasema hakuna ugonjwa, ni kutawanyika tu. Barua moja ordinateur inaikata vipande, kipande hapa, kipande kule. Ni kama familia ambayo baba analala Kadutu, mama Nyalukemba, watoto Katana. Ukitaka kuwapiga picha, unazunguka siku nzima. Akaniachia diskette yenye programu moja, inaitwa Defrag. Inazunguka yenyewe, inakusanya familia. Akasema niipitishe mara moja, kisha mara moja kwa mwezi, basi.

Nikaipitisha. Ee, kama ungeona! Kwenye écran, kile kioo chake, kunatokea vijumba vidogo vidogo, mamia. Kimoja kinazima huku, kinawaka kule. Vinahama, vinapangana, kama watu wanaingia kanisani wakijua kila mutu kiti chake. Ilichukua saa mbili na dakika kumi. Nilisali rozari tatu bila kusikia magoti. Mwisho, nikafungua liste: Salamu Maria nne!

Hapo ndipo wazo lilinishukia. Kama mara moja inafanya hivi, mara tisa itafanya nini? Nimehesabu. Leo tarehe 12, siku tisa zinaishia Jumamosi tarehe 20. Jumamosi yenyewe! Hiyo si bahati, hiyo ni ishara. Nimeanza novena, sala ya siku tisa mfululizo.

Jumamosi, 13 Novemba

Siku ya pili. Vijumba vimehama kidogo tu. Salamu Maria tatu na nusu.

Nimebandika karatasi kwenye mulango: "Silence. Matunzo yanaendelea. Hakuna kuingia." Nimeandika kwa mukono, na musalaba pembeni.

Rosalie amekasirika. Rosalie ni secrétaire mupya, ana miaka ishirini na ine, alisoma informatique Kinshasa miezi sita na hajasahau kutuambia. Yeye anaiita kompyuta, akitaka kujionyesha. Alisimama mulangoni akasema iko na majina sitini bado ya kuingiza, na leo ni siku ya kazi. Nikamujibu kwa upole kwamba mugonjwa haingizwi majina. Akauliza, "Sasa Papa Aloys, unaitunza ili nani aitumie?" Vijana wa leo wanapenda kujibu kwa maswali. Nilimuruhusu mchana, kwa saa mbili tu. Ameingiza majina yote sitini. Hata asante hakusema.

Jumapili, 14 Novemba

Nilisumbuka usingizi: kupitisha Defrag siku ya Mungu, ni kazi au ni sala? Nikakata hivi: vidole viwili vinafanya kazi, vinane vinashika rozari. Ni sala.

Nimekwenda baada ya misa ya pili. Siku ya tatu imekwisha. Vijumba havikuhama sana, labda sita. Nilivipigia makofi hata hivyo.

Virginie ameniuliza kwa nini natabasamu mbele ya sahani ya sombe. Sikumuambia.

Jumatatu, 15 Novemba

Msiba!

Siku ya ine, katikati kabisa ya rozari ya kwanza, courant ya umeme imekatika. Pu! Écran nyeusi. Nilipiga kelele, na Rosalie akaingia mbio akidhani nimeanguka.

Courant ilirudi baada ya saa moja. Rosalie akaikagua, akasema hakuna kilichopotea, ordinateur iko bien, nipumue. Nitapumua namna gani? Yeye anaangalia ordinateur. Mimi naangalia novena.

Ilibidi nimuambie Virginie. Bibi yangu ni wa Legio ya Maria tangu usichana, kwa novena ni kama jaji. Nikamueleza. Akatua kisu chini, akacheka mpaka akashika ukuta. Nikamuambia si mambo ya kucheka. Akajipangusa macho akasema sheria ni sheria: novena iliyokatika inaanzwa upya, tangu siku ya kwanza. Nikahesabu kwa vidole. Nikianza kesho, naishia tarehe 24. Tarehe 24 ordinateur iko Nyalukemba tayari, Stanislas ameiwekea kitambaa!

Nilikosa hamu ya kula. Kisha nikala kidogo, ilikuwa samaki.

Jumanne, 16 Novemba

Nimeanza upya. Siku ya kwanza, mara ya pili. Lakini kuna jambo baya zaidi kuliko courant: vijumba vimekataa. Nimeweka diskette, nimeomba, na ordinateur imejibu kwa Kifaransa safi kwamba hakuna lazima. Hakuna lazima! Rosalie aliona kupitia dirisha, akasema kwa sauti ya kuimba kwamba kila kitu kimekwisha kupangwa, ile ni sawa na kufagia nyumba iliyofagiwa. Nikafunga pazia.

Basi, mikono yangu ilikuwa inataka kupanga kitu. Nikapanga kabati. Familia kwa familia, barua za maaskofu pamoja, za bati ya kanisa pamoja. Karatasi za zamani, za makatekista, zile walizoandika majina ya watoto kwa kalamu, nimezitoa zote. Za nini tena? Majina yamo mu ordinateur. Nimempa Maman Bibiane anayeuza beignets, maandazi ya mafuta, mbele ya kanisa, awafungie wateja wake. Alinibariki mara tatu na akanipa beignet mbili. Kabati sasa inapumua. Siku nzuri, kwa jumla.

Jumatano, 17 Novemba

Stanislas amekuja. Ni préfet wa shule ya Nyalukemba, kama nilivyokuambia, mutu wa miwani na peremende mufukoni. Alikuja "kusalimia tu". Alikuwa na mita ya kupimia! Alipima meza ya ordinateur mbele ya macho yangu, urefu na upana, kisha akamuita Abbé ili waone mwendo wa ordinateur.

Abbé akaniambia nifungue liste. Nikapiga ishara ya musalaba, nikabonyeza, nikaanza Salamu Maria, polepole, kwa heshima. Nilipofika "mbarikiwa", liste ikafunguka. Nikasema: hata moja haijaisha!

Stanislas akanguruma. Akasema, "Papa Aloys, ile Salamu Maria yako ni ya mazishi. Sali kama mutu muzima!" Nikamuambia kwetu hatukimbizi Mama wa Mungu. Akaomba tuanze tena, asali yeye. Akasali kama mutu anauza tikiti za gari: mbili na nusu kabla liste kufunguka. Tukabishana. Abbé akakohoa, akasema hakuja kusikia rozari, yeye anataka karatasi. Jumamosi saa sita. Kisha akasema anakwenda Mumosho kwa misa za jumuiya na atarudi Jumamosi ile ile asubuhi.

Kutoka, Stanislas aligonga ordinateur kwa kidole, taratibu, kama mutu anagonga nanasi sokoni.

Rosalie alipendekeza tupige liste leo leo, tumalize, tulale. Nikamuambia bado. Nilikuwa na mbili na nusu za Stanislas masikioni. Nataka Jumamosi Abbé akisema "A" liste iwe imefunguka.

Usiku Virginie alinihurumia. Akaniambia, bila kuinua macho kwenye kushona, kwamba kwa watu wenye shida ya haraka kuna novena ya saa: mara tisa ndani ya siku moja, kila saa mara moja. Alisema alizungumza tu. Nilimukumbatia.

Alhamisi, 18 Novemba

Grégoire, leo nimefanya kazi kama malaika.

Saa moja asubuhi niko bureau. Karatasi mulangoni. Rosalie akaja akaniomba dakika tano tu, aweke liste kwenye diskette, ya akiba. Nikamuonyesha karatasi. Akasema, "Papa, dakika tano!" Nikamuonyesha karatasi tena, kwa kidole. Akaenda kupanga vitabu vya nyimbo.

Sala ya kwanza: ordinateur ikajibu hakuna lazima. Nilijua itasema hivyo! Hapo nikaona ni ujanja wa shetani, mugonjwa anakataa dawa. Nikakaa nikafikiri. Fagio inahitaji vumbi. Kama nyumba iko safi, tuichafue kidogo kwanza!

Nikachukua barua za zamani, nikazikopi mara mbili, mara tatu. Kisha nikaanza kufuta ili kubaki na mashimo. Nilifuta kama vile tunavyopunguza mahindi shambani: moja inabaki, moja inatoka. Moja inabaki, moja inatoka. Nikaweka Defrag. Oo! Vijumba vikaamka vyote! Vikahama, vikakimbia, vikajaza mashimo, vizuri kuliko siku ya kwanza. Nilicheka peke yangu kama mutoto.

Na hivyo kila saa. Nachafua, nasafisha, nasali. Kuanzia mara ya tano nilifuta macho nimefunga, ili sala iwe na nguvu. Saa kumi ya mchana mara ya tisa imeisha. Courant haikukatika hata kidogo! Sasa niambie kama Mungu hakukubali.

Nimerudi nyumbani naimba. Muganga wa meno amenisalimu: Papa Informatique! Nimemujibu kwa mukono, kama askofu.

Ijumaa, 19 Novemba

Sijui nianze wapi.

Rosalie alifika mapema kupiga liste. Mimi nilikuwa nyuma yake na mikono mugongoni, nimejitayarisha kusikia sifa. Akatafuta. Akatafuta tena. Akageuka polepole, uso kama karatasi, akaniuliza liste iko wapi. Nikamuambia iko mule, imepangwa. Akasema mule kuko ripoti ya bati mara saba, mualiko wa kikao cha 1991 mara ine, na barua moja ya kumuomba mutu arudishe ngazi. Liste ya kipaimara haiko.

Moja inabaki, moja inatoka. Grégoire, niliitoa mimi.

Nikamuambia ukweli, wote, hata macho kufungwa. Alivuta kiti akakaa. Kisha akanieleza kama mutu anaeleza mutoto. Barua iliyofutwa haifi mara moja, inalala tu pale pale, na iko programu ya kuiamsha. Nikaruka! Akanikalisha. Akasema lakini nikipitisha Defrag juu yake, Defrag inaleta familia nyingine kukaa pale. Ni kama kumufufua mutu aliyezikwa, na wewe umekwisha kujenga nyumba ya ghorofa juu ya kaburi. "Na wewe ulijenga mara tisa, Papa."

Akauliza karatasi za makatekista ziko wapi. Nilikuwa tayari mulangoni, nikikimbia kwa Maman Bibiane.

Maman Bibiane alinitazama akasema, "Papa Aloys, karatasi zile zilikuwa nzuri! Hazinyonyi mafuta." Zilikuwa. Zilibaki nane chini ya kikapu. Nyingine tulizitafuta na Rosalie, yeye upande wa juu wa barabara, mimi upande wa chini, tukiuliza watu kama walikula beignet tangu Jumanne. Mutu mumoja alinitolea karatasi mufukoni, akaomba nimurudishie kipande kilichobaki. Tumepata majina 31. Yenye kusomeka, 22. Kwenye moja kuko jina la Ignace, au ni Ignacia, mafuta yamekaa juu ya mwisho.

186 kutoa 22. Nilihesabu mara mbili, haikubadilika.

Rosalie alikuwa na haki ya kwenda nyumbani. Yeye hakuna aliyemutisha kwa machine isiyo na e. Alikaa. Alisema ataandika tena yote, tatizo si vidole, tatizo ni majina. Makatekista wako na Abbé Mumosho mpaka kesho. Kisha akaweka masharti. Hatamuambia Abbé. Lakini diskette ya Defrag itakaa kwenye tiroir ya meza yake, na ufunguo wa bureau utakaa shingoni kwake, na mimi sitaigusa ordinateur bila yeye kuwa karibu. Mpaka lini? Akasema mpaka mimi nipate pensheni.

Nimemupa diskette.

Virginie hakucheka leo. Ameniwekea maji ya moto ya miguu.

Jumamosi, 20 Novemba

Kaa chini usome vizuri, hii ndiyo siku.

Watoto wote 186 walikuwa wanakuja kanisani saa mbili, kwa mazoezi ya kupanga mustari. Nilijua. Nilikuwa nimesahau, lakini nilijua. Nilifika pale na roho nzito, nikafungua mulango wa kanisa, na nikaona fujo isiyo na jina. Watoto kila mahali! Wa shirika hili na wa lile, jumuiya zao ndogo, wamechanganyika, wengine juu ya benchi, wengine chini, mapengo huku, msongamano kule. Ni ile familia ya Jean-Baptiste: Kadutu, Nyalukemba, Katana.

Na nikaona vijumba.

Nikaenda mbele nikapiga makofi. Nikasema kila mutoto na shirika lake. Shirika la kwanza benchi za mbele kushoto, hakuna shimo katikati! Ukiona nafasi mbele yako, hama, ijaze. Wakaanza kucheka, wakaanza kuhama. Nilisimama kwenye ngazi nikinyoosha mikono: wewe mwenye sueta nyekundu, rudi kwa ndugu zako! Wewe, unafanya nini kwa watu wa Mutakatifu Petro? Walihama, walipangana, walikaa. Dakika ishirini. Haikuhitaji hata courant.

Kisha tukapita benchi kwa benchi. Rosalie alikuwa ameleta wasichana wawili wa kwaya wenye kalamu, nami nikauliza jina, jina la ubatizo, jina la muzazi. Karatasi ikijaa, musichana anakimbia nayo bureau, Rosalie anaandika. Na Grégoire, lazima niseme, ordinateur ilikuwa inakimbia! Rosalie mwenyewe alisema haijawahi kuwa nyepesi hivi. Nilimuomba arudie. Alikataa kurudia.

Kwenye benchi ya mwisho alikaa binti mumoja peke yake, Eulalie, mikono juu ya magoti. Nikamuuliza shirika lake. Akataja. Nikamuuliza kwa nini haendi kukaa nao. Akasema kwa sauti ndogo kwamba alihama kutoka kijiji mwezi wa tisa, kwamba wiki iliyopita walisoma majina na lake halikuwemo, lakini amekuja hivyo hivyo, kutazama. Katekista wake wa kijijini alikuwa amempa barua. Aliitoa kwenye mukono wa nguo yake, imekunjwa mara ine. Ilikuwa sahihi kabisa, na muhuri.

Nilimuandika mimi mwenyewe, kwa mukono wangu. Sio 186. 187. Nikampeleka mbele, na watu wa shirika lake wakasogea wote, mumoja mumoja, mpaka nafasi ikapatikana.

Saa tano na nusu imprimante ya kupiga karatasi ilianza kulia kama musumeno. Saa sita kasoro dakika saba nilikuwa mbele ya meza ya Abbé na karatasi zenye joto. Alikuwa bado na matope ya Mumosho kwenye viatu. Stanislas alikuwa pale! Amekuja na wanaume wawili na mukokoteni, na blanketi ya kufunikia. Abbé alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, mpaka mwisho. Akauliza mbona 187. Nikamueleza Eulalie. Akavua miwani. Akasema tangu parokia hii ianze hajaona liste iliyohakikishwa uso kwa uso, mutoto kwa mutoto, na aliyepata wazo hilo anastahili shukrani.

Rosalie alinitazama. Mimi nilitazama viatu vyangu. Nilisema kwamba ni Mungu, jambo ambalo si uongo.

Ordinateur inabaki. Stanislas alisema tu, "Papa Aloys, wewe ni mutu wa bahati," akanipa peremende. Wanaume wake walirudi na mukokoteni mutupu, na kwa mteremko ule ulikuwa unawakimbiza.

Jumapili, 21 Novemba

Kristu Mufalme! Mvua ilingoja mpaka mwisho wa misa, sijaona adabu kama hiyo. Majina 187 yalisomwa kutoka karatasi yangu. Eulalie alipoitwa, aliitika kwa nguvu mpaka watu wakageuka. Virginie alilia. Mimi nilikuwa na kitu kwenye jicho.

Niliungama kabla ya misa, kwa padri mugeni, si kwa Abbé. Nilisema yote. Aliuliza Defrag ni nini. Nilimueleza muda mrefu, watu nyuma yangu wakaanza kukohoa. Kitubio: Salamu Maria kumi na mbili. Nilizisali kwa mwendo wangu.

Jumatatu, 22 Novemba

Leo iko shwari. Rosalie ana ufunguo shingoni, mimi nina kiti changu pembeni, nasoma majina, yeye anaandika. Tunaelewana. Aliniletea hata chai. Ordinateur inafungua barua kabla sijafika "Maria". Nimetosheka, mudogo wangu, nakuambia kweli. Nimejifunza kwamba kitu kizuri mutu anakiacha jinsi kilivyo.

Saa ine akapita Jean-Baptiste. Ana diskette nyingine, mupya kabisa! Grégoire, sikiliza. Hii haipangi tu. Hii inabana. Disque moja ya ndani ya ordinateur inakuwa mbili, bila kununua kitu, bila kufungua boîte, sanduku lake. Mikate mitano na samaki wawili, na vikapu vinabaki! Nilimuomba anionyeshe kwenye ordinateur yetu, lakini Rosalie alishika ufunguo wake, akaanza kuimba.

Nikafikiri: depot yenu huko Katana ina ordinateur. Uliniambia mwenyewe kwamba imejaa, hamuna nafasi ya kuweka hata majina ya wakulima. Naweza kuja na boti ya Jumamosi. Jean-Baptiste alisema mutu asiiguse kabla ya kuweka kopi ya kila kitu pembeni, lakini mimi naona huo ni upungufu wa imani, na diskette zenyewe ni haba. Tutaanza kwa sala. Usifute kitu kabla sijafika, nitafuta mimi, nina uzoefu.

Tafazali unijibu upesi, na mutu yule yule wa boti, uniambie ni siku gani mukubwa wako hayuko.

Kaka yako akupendaye,
Aloys